UZI: Uliacha pombe, umerudia, unataka kutoka tena. Anzia hapa

#1 NesiWaZamu (mleta mada)

Wakuu, kila baada ya muda unaibuka uzi wa "nimerudia pombe, nisaidieni", na majibu huwa yale yale: muombe Mungu, badilisha marafiki, kunywa maji mengi. Yana nafasi yake, lakini si ya kwanza. Anayerudia ana tofauti moja kubwa na anayeacha kwa mara ya kwanza, nayo iko mwilini. Ubongo uliozoea pombe, ukaachishwa, ukarudishiwa, huitikia kuachishwa tena kwa ukali zaidi. Kila duru ya kunywa kisha kukata ghafla huongeza uwezekano wa degedege, yaani mwili kukakamaa na kutikisika huku fahamu zimepotea. Kwa hiyo "safari ile niliacha nyumbani bila shida yoyote" haikupi dhamana safari hii.

Pima kwanza ulichokuwa unakunywa. Hesabu: mililita mara asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Konyagi ya asilimia 35, chupa ya mililita 200, ina gramu 55, yaani karibu bia tatu. Andika wastani wa siku kwa wiki mbili zilizopita na uende na karatasi hiyo kwa daktari. Ukimwambia "nakunywa kawaida" hatakuwa na la kufanyia kazi, maana kawaida ya kila mtu ni yake.

Aliyeteleza usiku mmoja akaamka na mning'inio (hangover) wake, mara nyingi anahitaji maji, chakula na kumwambia mtu siku hiyo hiyo. Aliyekunywa kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hasa ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue, yaani anywe tena ili atulie, yuko kundi lingine kabisa.

Ratiba ya kundi hilo la pili, tangu glasi ya mwisho:

Saa 6 hadi 12: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi kukataa.
Saa 6 hadi 48: ndipo degedege hutokea. Linaweza kuja bila dalili kubwa kutangulia.
Saa 48 hadi 96: hatari ya kuchanganyikiwa kabisa. Mtu anaona wadudu ukutani, anaongea na wasiokuwepo, homa inapanda, hajui yuko wapi. Hii huua. Si mapepo wala si kurogwa, na asipelekwe kwa mganga wala kwenye maombi kabla ya hospitali.

Usiache nyumbani kama umewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa siku za kuacha, una mimba, una kisukari, kifafa, ugonjwa wa moyo au wa ini, unatumia vidonge vya usingizi, unatapika kila kitu, au unaishi peke yako. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa, sema wazi: "Nakunywa kiasi hiki kila siku, nataka kuacha, nimewahi kuacha nikarudia." Usijifiche nyuma ya malaria au vidonda vya tumbo. Watakutibu malaria, na degedege litakukuta wodini bila mtu kujua limetoka wapi.

#2 Pwani254

Asante, nesi. Niongezee ya upande wa Kenya. Hapa tunaita kutoa lock, kule mnasema kuzimua, ni kitu kimoja na ndiyo dalili ya kuangalia kwanza. Mtu akikwambia anatoa lock kila asubuhi, usimwambie "acha leo leo".

Laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi. Wanakuelekeza kituo kilichosajiliwa karibu nawe na unaweza kuongea na mshauri hapo hapo. Nairobi, Mathari ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili na ina huduma za uraibu. Mombasa kuna kituo cha Miritini.

Ile hesabu yako ya gramu kwa chang'aa na gongo haifanyi kazi. Pombe ya mtungi haina lebo, leo asilimia 20, kesho 45. Na mtu aliyekunywa pombe ya kienyeji akaanza kuona ukungu, au kuona kama theluji machoni, akaumwa tumbo na kuhema kwa kasi, hiyo si arosto (mateso ya kuacha) ya pombe. Inaweza kuwa methanoli. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, ndiyo maana watu hulala wakidhani ni uchovu. Hospitali mara moja, hata kama ni saa nane usiku.

#3 MamaJunior_A

Swali. Mgonjwa akikataa hospitali katakata, anasema atapunguza mwenyewe polepole, inawezekana? Na sisi nyumbani tuangalie nini?

#4 NesiWaZamu

Dada, kupunguza polepole ni bora kuliko kukata ghafla bila usimamizi, kwa mtu ambaye hajawahi kupata degedege. Aliyewahi, jibu ni hospitali tu.

Masharti ya kupunguza:

Kinywaji kiwe cha chupa chenye asilimia kwenye lebo. Bia ni rahisi kupima kuliko pombe kali. Kama alikuwa wa Konyagi, mhamishe kwenye bia yenye gramu sawa kwanza, ndipo mpunguze.

Siku tatu nne za mwanzo asipunguze kitu. Anywe kiasi kile kile, kwa saa zile zile, mkiandika. Baada ya hapo punguza kama sehemu moja ya kumi kila baada ya siku nne. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, mmeenda kwa kasi: rudini kiwango cha nyuma mkae hapo wiki moja.

Chupa zishikwe na mtu mwingine. Mpango huu hufa hapa kila mara. Anayepunguza akiwa na kreti chini ya kitanda chake hapunguzi, anahesabu tu.

Asipofika nusu ndani ya wiki tatu, mpango umeshindwa. Msimlaumu, mpelekeni hospitali.

Cha kuangalia: mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika akiwa ametulia, homa, kutapika zaidi ya mara tatu nne, kuongea vitu visivyoeleweka, kuona visivyokuwepo. Lolote kati ya hayo, gari.

Akipata degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Likipita dakika 5 au likirudi, ni dharura kubwa. Likikoma lenyewe bado anaenda hospitali siku hiyo hiyo. Msimpe "kidogo tu atulie" wakati amelegea, atakabwa.

#5 DukaLaDawa_Moro

Nizungumzie dripu, maana hili linaniudhi. Kuna kasumba mitaani kwamba mlevi akizidiwa anapelekwa zahanati "kupigwa dripu ya kusafisha pombe". Dripu haisafishi pombe. Ini huchoma karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa, liwe na dripu au lisiwe nayo. Bia moja kubwa ni saa mbili na ushee. Kahawa, supu ya pweza, maziwa, ndimu, vyote haviongezi kasi hata chembe.

Ubaya zaidi ni dripu ya glukosi. Mnywaji wa muda mrefu asiyekula vizuri huwa ameishiwa vitamini B1, thiamini. Ukimpa sukari nyingi kwanza, kile kidogo kilichobaki kinaishia kuchoma sukari, na ubongo unaumia: anachanganyikiwa, anayumba akitembea ilhali hajanywa, macho yanacheza au anaona viwili. Ikicheleweshwa, kumbukumbu haiwezi kurudi yote. Kwa hiyo ndugu mkifika, ulizeni kwa heshima: "Amepata B1 kabla ya glukosi?" Kituo kisicho na thiamini peke yake mara nyingi kina B komplekisi ya sindano, na ndani yake mna B1. Isipokuwa sukari ikipimwa ikakutwa imeshuka sana, hapo glukosi haisubiri, vyote viwili vinapewa pamoja.

Dawa ya kuzuia degedege hospitalini kwa kawaida ni diazepamu au jamii yake, kipimo kikubwa siku ya kwanza kisha kinashushwa kila siku, siku 5 hadi 7 imekwisha. Msije dukani kuniomba strip nzima. Diazepamu juu ya pombe huzima pumzi, na ukiitumia miezi unapata uraibu wa pili ambao kuuacha kwake nako kunaleta degedege lile lile.

Panadol: anayekunywa sana asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya mg 500. Diclofenac na wenzake tumbo lake halitavipenda kabisa.

ORS ni nzuri kwa aliyetapika, ila soma pakiti: nyingine ni za lita moja, nyingine nusu lita.

#6 Kibaraza_Tanga

Mkuu wa dawa, vipi ile ya kumfanya mtu achukie pombe? Kuna kina mama wanaulizia ya kumwekea mume kwenye chai bila yeye kujua.

#7 DukaLaDawa_Moro

Hiyo ni disulfiramu, na jibu la kumwekea kwa siri ni hapana, nukta. Haimfanyi achukie pombe. Inazuia mwili kuvunja asetaldehidi, sumu inayotokana na pombe, kwa hiyo akinywa anakuwa mwekundu, moyo unakimbia, anatapika, presha inaporomoka. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufa mezani akiwa hajui kilichompata.

Kwa anayeitaka mwenyewe: kipimo cha ini kwanza, awe amekaa angalau saa 12 bila pombe (wengi tunasubiri 24), kawaida mg 250 kwa siku. Athari yake hubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo "nimeacha kumeza jana, leo naweza bia moja" ni mtego. Haichanganywi na Flagyl. Inafanya kazi vizuri pale mtu mwingine anapomwona akimeza kila asubuhi. Akimeza mwenyewe chumbani, ataacha wiki ya pili.

Zipo mbili nyingine nisizosikia watu wakiziulizia, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Naltreksoni, mg 50 mara moja kwa siku, inapunguza ile raha na hamu. Haifai kwa mwenye homa ya ini kali, na haifai kabisa kwa anayetumia tramadoli, kodeini, unga (heroini) au methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha unga): itamtupa kwenye arosto papo hapo. Lazima apitishe siku 7 hadi 10 bila hizo. Nyingine ni akamprosati, vidonge viwili vya mg 333 mara tatu kwa siku, inapita kwenye figo badala ya ini, kwa hiyo pima figo. Hazipo kila duka. Uliza hospitali yenye kitengo cha afya ya akili.

Jambo linalowahusu waliorudia: kama ulikuwa kwenye naltreksoni au akamprosati ukateleza, usiiache dawa kwa aibu. Endelea, na urudi kliniki. Kati ya hizi tatu, disulfiramu ndiyo pekee usiyoimeza ukiwa na pombe mwilini.

#8 MshauriNasaha

Mmemaliza mwili vizuri. Mimi nichukue upande wa kuomba msaada, kwa sababu wengi wanakosea namna ya kuomba.

"Nisaidie niache pombe" ni ombi ambalo hakuna binadamu anaweza kulitimiza. Anayeambiwa hivyo atakupa kitu pekee alichonacho, mawaidha. Ligawe ombi liwe kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, na kila kazi umpe mtu anayeiweza. Mlinzi wa siku nne za mwanzo. Mshika pesa. Mtu wa simu ya jioni. Wa kukusindikiza kliniki. Wanaweza kuwa watu wanne, na ni vizuri wakiwa wanne, kwa sababu mtu mmoja akibeba yote atachoka mwezi wa pili.

Andika ujumbe sasa hivi, kabla akili haijaanza kujadiliana. Mifano, badilisheni mnavyotaka:

Kwa mlinzi: "Kaka, nimerudia pombe na nataka kuacha. Daktari amesema nisikae peke yangu hadi Jumapili. Unaweza kulala kwangu leo na kesho? Sihitaji ushauri kwa sasa. Kazi yako ni kuniangalia, na kunikimbiza hospitali nikianza kuongea ovyo au kudondoka."

Kwa mshika pesa: "Dada, mshahara unaingia tarehe 25. Nitakutumia wote siku hiyo hiyo, nibakize nauli na chakula cha wiki. Nikikupigia usiku nikisema nina dharura, usinirushie. Mlipe moja kwa moja anayenidai."

Kwa wa kijiweni: "Wanangu, niko kwenye dawa, daktari kanikataza kinywaji. Nitawatafuta mimi." Basi. Usieleze zaidi. Ukiwaeleza unafungua mjadala, na kijiwe hakishindwi mjadala.

Pesa ni sehemu ambayo mipango mingi inavujia. Jitoe kwenye mikopo ya simu, Fuliza, Songesha na ndugu zao. Kama una deni grosari, alipe mtu mwingine kwa niaba yako. Kulipa deni la bia kwa mkono wako ni kuingia baa ukiwa na pesa na sababu.

#9 Mgosi_wa_Lushoto

Nakubaliana na mengi ila hili la kuwaambia watu wanne... mtaani kwetu ukimwambia mmoja, jioni hata muuza genge anakuuliza unaendeleaje. Mtu ana kazi ya heshima, yumo kamati ya msikiti. Aibu hiyo inamrudisha kwenye chupa haraka kuliko kijiwe.

#10 MshauriNasaha

Mgosi, hoja yako ni nzito na siwezi kusema haina msingi. Ndiyo maana nimesema kazi, sikusema tangazo. Mshika pesa hahitaji kujua kuna pombe, anaweza kuambiwa "nataka nidhamu ya matumizi". Wa simu ya jioni anaweza kuwa wa mkoa mwingine kabisa. Anayelazimika kujua ukweli wote ni mmoja tu, yule mlinzi wa siku za mwanzo, kwa sababu asipojua hatatambua degedege wala kuchanganyikiwa. Kama hayupo anayeaminika, kitanda cha wodi kinafanya kazi hiyo, na siri ya mgonjwa inamfunga daktari.

Halafu kuna mikutano ya Walevi Wasiojulikana, AA, ilianzia Marekani mwaka 1935. Nairobi na Dar es Salaam ipo, na ya mtandaoni unaweza kuingia ukiwa popote, kamera umezima, jina la kwanza tu au la kubuni. Hawatozi ada. Aliyeteleza anapokelewa, na hapo huhitaji kueleza kwa nini.

#11 Daftari_Jeusi

Hapo kwa AA nina neno. Ile ya kuhesabu siku kisha ukiteleza unarudi sifuri, naona inaua watu. Mtu ana miezi minane, kanywa Jumamosi moja, anaambiwa yeye na aliyeanza jana sawa. Anaona hakuna cha kulinda tena.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, G. Alan Marlatt, aliyechambua jambo hili miaka ya 1980: glasi ya kwanza mara nyingi si ndiyo inayomaliza mtu, kinachommaliza ni tafsiri anayoipa. "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Sisi tuna methali ya kuhalalisha kabisa, maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Kwenye pombe methali hiyo ni sumu. Ukishavua, vaa. Bia moja na bia tisa si sawa kwa ini, kwa mfuko, wala kwa ukali wa kuacha kesho yake.

Mimi huwashauri watu waweke namba mbili daftarini: siku tangu glasi ya mwisho, na siku zisizo na pombe ndani ya mwaka huu. Ya kwanza inarudi sifuri. Ya pili hairudi.

#12 Pwani254

Daftari, namba ya pili nayo ina mwanya wake. Mtu anaanza kusema "asilimia 95 ya mwaka niko safi, nina akiba ya siku kadhaa". Ile sifuri ina ukali, lakini haijadiliki. Ningesema inategemea mtu: anayejichapa sana apewe mbili, mjanja wa kujadiliana abaki na moja.

#13 Daftari_Jeusi

Hilo nalipokea. Lakini wote wawili wafanye zoezi hili, kichwa kikishatulia, tuseme siku ya tano au sita. Chukua karatasi, andika saa 72 *kabla* ya glasi ya kwanza, nyuma kwenda mbele: ulikuwa wapi, na nani, ulikuwa na shilingi ngapi, ulikula nini, ulilala saa ngapi, uligombana na nani. Utaona glasi ni ya mwisho kwenye mnyororo. Mfano wa kawaida kabisa: Alhamisi kakosa mkutano kwa sababu ya mvua, Ijumaa posho imeingia, mchana hakula, jioni kapita baa "kuangalia mpira tu", ameagiza soda, kipindi cha pili amebadilisha.

Watu hujaribu kukata kwenye soda. Pale nguvu zimeshakwisha. Kata kiungo cha mbali zaidi unachokiweza: posho isiingie kwenye simu yako, au mechi ya Simba na Yanga uiangalie banda umiza lisilouza kilevi. Kiungo kimoja kikikatwa mapema kina kazi kuliko viapo kumi mlangoni mwa baa.

#14 Kibaraza_Tanga

Mmesahau vunjajungu. Huku Pwani wapo wanaokunywa mwaka mzima, wiki ya mwisho ya Shaabani wanakunywa kama wanahama dunia, kisha mwezi ukiandama wanakata siku hiyo hiyo na kufunga. Siku ya pili ya mfungo mtu anatetemeka, watu wanasema ni swaumu. Wakristo nao na Jumatano ya Majivu ni vile vile. Halafu Idi au Pasaka wanarudia, na mwaka unaofuata tena.

#15 NesiWaZamu

Kibaraza umenena. Hiyo ndiyo ile duru niliyoitaja mwanzoni, tena mbaya kuliko zote: kiwango kimepandishwa, kikakatwa kwa usiku mmoja, na mwili hauna maji wala chakula mchana kutwa. Sukari inashuka, degedege linapata njia. Anayetaka kuutumia mwezi mtukufu kuacha, na ni nia nzuri sana, aanze kupunguza wiki kadhaa kabla, au aingie hospitali siku zile za mwanzo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, aongee na shekhe wake. Dawa za kuzuia degedege zinazomezwa kila baada ya saa kadhaa hazisubiri magharibi.

#16 MamaJunior_A

Asanteni mno. Na nyumba za soba, zile wanakokaa wanaoacha ulevi? Tunaambiwa lipa miezi mitatu mbele, mengine hatuelezwi.

#17 MshauriNasaha

Dada, kabla hujatoa hata senti, uliza haya na uandike majibu.

Kibali kiko wapi? Tanzania Bara, nyumba hizi za upataji nafuu zinasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Unaweza kuwapigia 119 kuuliza. Kenya ni NACADA.

Siku za kwanza nani anamwona mgonjwa? Jibu la kutaka ni "daktari au kliniki fulani, kisha anarudi hapa". Wakisema "tunamfungia mpaka arosto iishe", ondoka. Arosto ya unga inatesa mno lakini mara chache huua mtu mzima mwenye afya. Ya pombe inaua. Nyumba iliyozoea wa unga inaweza isijue tofauti hiyo.

Je, kuna minyororo, kuchapwa, kunyimwa chakula? Omba kuona vyumba bila miadi. Ndugu wanaruhusiwa kuongea naye lini? Dawa zake za presha au za VVU nani anampa?

Na swali ambalo hakuna anayeuliza: siku ya kutoka inakuwaje? Nyumba nzuri inakupa jina la mtu wa kufuatilia na tarehe ya kurudi. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo zenye mteremko, na mtu akirudi chumba kile kile, pesa mkononi, hana ratiba, miezi mitatu yote imeenda na maji.

#18 Teja_Mstaafu_Kndn

Niingize kidogo ya unga kwa sababu imetajwa. Aliyekaa safi kisha akarudia, mwili umesahau. Kipimo cha zamani ndicho kinachoua. Asitumie peke yake, asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Anayekoroma kwa ajabu, midomo ya bluu, haamki: mlaze ubavu, msaidie pumzi, hospitali, waambieni ukweli wampe naloksoni, na asiachwe kwa saa kadhaa maana dawa hiyo huisha kabla unga haujaisha. Kliniki za methadoni zipo tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoani. Ukikosa dozi siku tatu mfululizo usidai kipimo chako cha zamani, mwambie nesi, watakuanzishia chini.

#19 Mgosi_wa_Lushoto

Na kazini je? Siku saba hospitali, utamwambia nini bosi?

#20 Daftari_Jeusi

Likizo ya ugonjwa, cheti cha daktari. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Kenya, sheria ya 2007 inatoa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili kazini. Ongea na daktari mapema kuhusu maneno yatakayoandikwa kwenye cheti. Kinachofukuzisha watu ni kutoonekana siku tatu bila taarifa, kisha kurudi unanuka.

#21 MamaJunior_A

La mwisho. Akishapita siku hizo za hatari, tutarajie nini? Huwa halali, anakula pipi kama mtoto, hasira za ajabu.

#22 NesiWaZamu

Ndivyo ilivyo. Usingizi huchukua wiki kadhaa kurudi, wengine miezi. Asipewe vidonge vya usingizi, na bia ya kumlaza ndiyo kabisa. Pipi mwacheni nazo kwa sasa, ila ale milo mitatu, njaa na hamu ya pombe hufanana sana. Hamu ikipanda kwa kawaida inashuka yenyewe ndani ya nusu saa: ale kitu, atoke nyumbani, ampigie yule wa jioni. Huzuni inayozidi wiki tatu nne bila pombe, au maneno ya kujidhuru hata siku ya kwanza, rudini kliniki ya afya ya akili.

Na pitieni kabati: dawa za kikohozi za maji na za kusukutua mdomo, nyingi zina kilevi. Someni lebo, zenye kilevi zitoke nyumbani, hasa kama ameanza disulfiramu.